Fimbo na Rili ya Kuvulia Sangara: Kuchagua, Kujenga na Kutunza Bila Kuvunja

Kila wiki naletewa fimbo zilizovunjika. Wanaozileta ni vijana wa Igogo, Bwiru na Luchelele, wengine wanatoka Kayenze, zote za hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na malalamiko yao ni yaleyale matatu. Fimbo imevunjika karibu na ncha. Mshipi, yaani uzi wa kuvulia, umekatika samaki akiwa mita tano kutoka mwambani. Au rili mpya (kifaa cha kukunjia mshipi), ya miezi miwili tu, inasaga kama kinu cha mahindi.

Karibu wote wanadhani wameuziwa kitu kibovu. Wachache ni kweli. Wengi wana fimbo nzuri, rili nzuri na mshipi mzuri, ila vitu hivyo vitatu havikupimwa kwa pamoja. Ukikamata hili moja, mengine yote humu yatakaa sawa: sangara akivuta, breki ya rili, ile inayobana spuli (gurudumu lenye mshipi), ndiyo iachie kwanza. Isiachie fundo, wala mshipi, wala fimbo. Kila hatua hapa chini inajengwa juu ya hilo.

## Vifaa vya kuandaa kabla hujaanza

Kwa mtu anayenunua fimbo iliyokwisha kutengenezwa:

- Fimbo, rili, mshipi wa kusuka (wa nyuzi nyingi nyembamba zilizosukwa pamoja) na nailoni nene ya mbele, inayokaa kati ya mshipi na ndoano
- Mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki mwaloni (ufukweni wanaposhushia samaki), kuazima kunatosha
- Pamba au soksi kuukuu ya nailoni
- Kitambaa laini, mswaki wa zamani, oili nyepesi ya cherehani na grisi safi

Kwa anayejenga mwenyewe, ongeza hivi:

- Ufito mtupu (fimbo isiyo na pete wala mpini) wa kaboni au faiba, wa vipande viwili
- Kiti cha rili na mpini wa koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo) au wa sponji ngumu
- Pete 8 za kupitishia mshipi, na pete ya ncha
- Uzi wa nailoni wa kushonea mabegi
- Epoksi (gundi ya kuchanganya) ya pakiti mbili ya kushikizia, na nyingine nyepesi, angavu, inayokauka polepole, ya kupaka juu ya uzi
- Mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, kutoka duka la dawa
- Tupa ndogo, msasa laini, wembe mpya, futi kamba, tepu ya karatasi na spiriti

Usianze kazi ya epoksi ukiwa na kifaa kimoja pungufu. Ukishachanganya haikusubiri uende dukani.

## Hatua ya 1: Amua unavua nini, ukiwa wapi

Fimbo ya sato si fimbo ya sangara. Sato anavutwa vizuri kwa fimbo nyembamba ya mita 1.8 hadi 2.1, rili ndogo ya namba 2000 au 2500 (namba ndiyo ukubwa wake), na mshipi wa kilo 3 au 4. Ukimvulia kwa fimbo nene hutasikia akigusa chambo, na midomo yake laini itachanika ukivuta kwa nguvu.

Kwa sangara wa kuvuliwa ukiwa umesimama kwenye miamba ya Luchelele au Bwiru, unahitaji urefu. Mita 2.4 hadi 2.7 ndizo zinazokuwezesha kurusha chambo mbali na kuinua mshipi juu ya mawe. Ukiwa ndani ya mtumbwi, urefu huo unakuwa usumbufu. Mita 1.8 hadi 2.1 inatosha, maana mvutano mwingi uko chini yako.

Fimbo nyingi tunazoziona, mpya na za mtumba, zilitengenezwa kwa ajili ya samaki wa Marekani anayeitwa bass. Nawaheshimu watengenezaji wake, ni fimbo zenye hisia na zinarusha vizuri. Lakini bass mkubwa kuliko wote kwenye rekodi ya dunia alikuwa wa kilo 10 na kidogo, alivuliwa Georgia mwaka 1932, na aliyekuja kulingana naye alivuliwa Japani, Ziwa Biwa, mwaka 2009. Sangara wa kilo 10 hapa kwetu hakusanyi watu mwaloni, na wapo wanaopita kilo 100. Kwa hiyo fimbo ya bass inaweza kumvua sangara wa kilo 3, 5, hata 10, ukiipa breki ya kiasi chake. Ukiifungia breki kama kamba ya ng'ombe, utaipoteza.

## Hatua ya 2: Soma maandishi yaliyo juu ya mpini

Hapa ndipo wengi wanapita kama vile hakujaandikwa kitu. Juu kidogo ya mpini kuna tarakimu na herufi, na hizo ndizo mkataba wako na fimbo.

Herufi zinaeleza nguvu. L ni nyepesi, M ni ya kati, MH ni ya kati kuelekea nzito, H ni nzito. Kwa sangara wa ufukweni chukua MH au H.

Kisha kuna uzito wa chambo, mara nyingi kwa ounsi. Ounsi 1 ni gramu 28. Fimbo iliyoandikwa 3/8–1 inarusha chambo cha gramu 10 hadi 28. Ukiifungia chubwi la gramu 80 na kuizungusha kwa nguvu zote, itavunjika hewani hata samaki hajaonekana. Kwa sangara tafuta inayobeba gramu 20 hadi 60.

Mwisho kuna nguvu ya mshipi kwa paundi. Paundi 1 ni karibu nusu kilo, gramu 454. Fimbo ya paundi 12–25 maana yake ni mshipi wa kilo 5.5 hadi 11. Tarakimu hii utaihitaji tena tutakapofika kwenye breki, kwa hiyo iandike mahali.

Kabla hujalipa, pitisha pamba au soksi ndani ya kila pete na uizungushe. Ikikwama hata kwa nyuzi mbili tatu, ile pete ina ufa. Ufa huo jicho halioni, lakini mshipi wa kusuka ukiupita mara mia unakatwa kama kwa wembe. Mwaka juzi nilipoteza chambo nne jioni moja nikilaumu mshipi. Nyumbani nikashika kioo cha kukuzia nikaangalia pete ya ncha: kwenye ule mduara wa kauri kulikuwa na mstari mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele, na ndani yake umenasa uzi mmoja wa kijani wa mshipi wangu.

## Hatua ya 3: Chagua rili kwa breki yake

Muuzaji atakuhesabia beringi: hii ina tano, ile ina kumi na mbili. Usimsikilize sana. Beringi nyingi mbovu hazishindi chache nzuri.

Fanya hivi dukani. Kaza breki nusu, shika mshipi kwa mkono, uvute polepole. Spuli inatakiwa ianze kuzunguka bila kushtuka, iendelee kwa mlio mmoja. Ikigoma, kisha ikaruka, ikagoma tena, iache hapohapo. Kule kugoma kwa nukta moja ndiko kunakokata mshipi samaki anapogeuka ghafla.

Halafu shika mkono wa kuzungushia, usukume juu na chini. Mchezo kidogo ni kawaida. Ukicheza kama mlango wenye bawaba iliyolegea, meno ya ndani hayakai sawa.

Kwa sangara wa ufukweni chukua namba 4000 hadi 6000, spuli ya aluminiamu. Spuli ya plastiki inaweza kupasuka nailoni ikikazwa sana juu yake. Angalia pia uwiano wa mzunguko, yaani mshipi unakunjwa mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa mkono: rili ya 4.9:1 inavuta polepole lakini kwa nguvu, ya 6.2:1 inakimbia lakini inakuchosha mkono samaki akiwa mzito. Mimi nachagua ya chini.

Kuna rili za aina ya ngoma, zinazokaa juu ya fimbo na spuli yake huzunguka wakati wa kurusha. Ni nzuri kwa mzoefu. Kwa anayeanza, kidole gumba kikichelewa kidogo tu, mshipi unajisokota kama nywele za timutimu na jioni inaishia kwenye kufumua. Anza na rili ya kuning'inia chini ya fimbo.

## Hatua ya 4: Kujenga fimbo mwenyewe

Asiyetaka kujenga aruke hadi hatua ya 5. Lakini nakuomba ufikirie. Fimbo uliyoijenga unaijua kila sentimita, na siku pete iking'oka huhitaji fundi.

Tafuta mgongo wa ufito. Kila ufito una upande unaopenda kupindia. Shika kipande cha juu, simamisha ncha yake nene juu ya meza laini, shikilia karibu na ncha nyembamba kwa mkono mmoja na uubonyeze katikati kwa kiganja cha mkono mwingine huku ukiuviringisha. Utausikia ukiruka na kutulia upande mmoja. Weka alama ya tepu upande wa ndani wa pindo. Pete zitakaa hapo. Ukizipachika upande mwingine, fimbo inaweza kujisokota mkononi samaki akivuta.

Pachika kiti na mpini. Kiti kikiwa kipana kuliko ufito, usijaze epoksi tupu. Zungushia tepu ya karatasi kwa mikanda miwili au mitatu, ukiacha nafasi katikati ambamo epoksi itashika ufito wenyewe. Katikati ya kiti iwe karibu sentimita 38 kutoka mwisho wa mpini. Pima kwa mkono wako, mwisho wa mpini ufike chini kidogo ya kiwiko. Hakikisha kiti kinatazama upande wa alama. Futa epoksi iliyomwagika kwa spiriti kabla haijaganda. Acha saa 24.

Panga pete. Kwa fimbo ya mita 2.4 naanza na vipimo hivi, kutoka nchani: sentimita 10, 21, 34, 48, 65, 85, 109 na 138. Pete ndogo ziko nchani, kubwa kuliko zote iko karibu na rili, sentimita 55 hadi 60 kutoka kwenye spuli. Pete hiyo kubwa ndiyo inayotuliza mshipi unaotoka kwa kuzunguka. Ukiisogeza karibu sana na rili, mshipi unaigonga na umbali wa kurusha unapungua. Vipimo hivi pia vinakwepa maungio, ambayo kwenye fimbo ya vipande viwili sawa yako sentimita 120.

Noa miguu ya kila pete kwa tupa mpaka iwe na mteremko, kama ulimi wa patasi. Mguu usionolewa unaacha ngazi, uzi hauwezi kuipanda, na ukingo wake unaukwaruza ufito kila unapopinda. Fimbo nyingi za kutengenezwa nyumbani huvunjikia hapo. Ondoa vumbi la chuma, kisha zishike pete kwa vipande vyembamba vya tepu.

Sasa jaribu kabla ya kufunga. Pitisha mshipi kwenye pete zote, funga mwisho wake kwenye mfuko wa mchanga wa kilo 1, inua. Tazama kwa ubavu. Mshipi ufuate pindo la ufito kwa hatua ndogondogo. Mahali unapokata kona kali, au unapoukaribia ufito, sogeza pete sentimita moja au mbili. Usifanye haraka hapa. Mimi huchukua saa nzima.

Funga uzi. Anza sentimita nusu kabla ya mguu wa pete. Zungusha uzi juu ya mwanzo wake wenyewe mara sita, kata kimkia, kisha endelea ukiviringisha fimbo, si uzi. Uzi wenyewe upite katikati ya kitabu kizito kilichofungwa, ndicho kitakachoupa mkazo usiobadilika. Kila mzunguko ulale ubavuni mwa uliotangulia, pasionekane ufito katikati. Zikibaki mizunguko minane, laza chini yake kitanzi cha uzi mwingine, malizia, pitisha mwisho wa uzi kwenye kitanzi, kisha kivute kitoke pamoja nao. Kata kwa wembe, ukiugeuza makali mbali na ufito. Mkwaruzo mmoja wa wembe kwenye kaboni ni mwanzo wa kuvunjika.

Kazi nzuri unaitambua hivi: pete bado inasogea kidogo ukiisukuma kwa kidole gumba, ili uzinyooshe zote kwenye mstari mmoja kabla ya kupaka.

Paka epoksi. Vuta kiasi sawa cha kila chupa kwa bomba lake la sindano, usichanganye mabomba. Koroga polepole kwa dakika tatu hadi nne. Kiasi kisipolingana, epoksi inabaki na utelezi wa kunata milele, na hakuna dawa zaidi ya kukwangua upya. Paka safu nyembamba kwa brashi. Geuza fimbo robo mzunguko kila baada ya dakika chache kwa saa tatu au nne, la sivyo epoksi inashuka na kuning'inia upande mmoja. Ukiona viputo, pulizia pumzi ya joto kwa karibu, vinapasuka vyenyewe.

Joto la Mwanza linaharakisha kuganda, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Jioni ya mvua ahirisha, unyevu unaiachia ukungu mweupe. Na funga madirisha kabla ya kuwasha taa. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi hupenda mwanga, na epoksi mbichi inawanasa. Fimbo yangu ya kwanza bado ina wanane, nimewahesabu.

Safu ya pili iwe baada ya saa 24. Siku mbili zaidi ndipo uipeleke ziwani.

## Hatua ya 5: Jaza mshipi kwenye spuli

Mshipi wa kusuka unateleza juu ya spuli tupu. Anza na mita 10 za nailoni ya kawaida, au mkanda mmoja wa tepu, kisha unganisha mshipi. Ukikosea hapa, siku sangara atakapovuta, mshipi wote utazunguka juu ya spuli na utadhani breki imekufa.

Jaza ukiubana mshipi kwa kitambaa chenye maji, mkazo wa kutosha kuhisi joto kwenye vidole. Uliolegea utazama ndani ya wenzake na kunasa. Simama ukibakisha milimita 2 kutoka ukingo wa spuli. Ukijaza mpaka ukingoni, mshipi unamwagika kwa mafungu. Ukijaza pungufu, chambo hakiendi mbali.

Kwa sangara wa ufukweni natumia mshipi wa kusuka wa paundi 30, yaani karibu kilo 14. Mbele yake naweka nailoni nene ya paundi 60 hadi 80, mita moja na nusu. Sangara hana meno ya kukata kama kisu, lakini kinywa chake ni msasa mtupu na mifuniko ya mashavu yake ina ncha kali. Mshipi wa kusuka ukipita hapo mara tatu umekwisha.

## Hatua ya 6: Mafundo mawili yanatosha

La kufunga ndoano au chambo bandia: kunja mshipi mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha upitishe ndoano nzima ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate. Kaza polepole.

La kuunganisha mshipi wa kusuka na nailoni nene: vilaze pamoja vikitazamana, sentimita 20 zikipishana. Kila kimoja kitengenezee kitanzi na ukizungushe juu ya mwenzake: mshipi wa kusuka mara nane, nailoni mara nne au tano. Lowesha, kaza kila fundo peke yake, kisha vuta pande zote mbili mpaka yagongane.

Usikaze fundo kavu hata siku moja. Msuguano unaleta joto, joto linaua nailoni, na fundo litakatika kabla ya kufikia nguvu yake. Fundo likikaa vizuri ni dogo, linang'aa, mizunguko yake imelala kwa mstari. Likiwa na mzunguko mmoja uliopanda juu ya mwingine, kata ufunge upya.

## Hatua ya 7: Pima breki kwa mizani

Kijana mmoja wa Igogo aliniletea fimbo ya tatu kuvunja ndani ya msimu mmoja. "Kaka, sasa nimeamua kununua nene zaidi," akaniambia. Nikamuuliza breki anaikaza vipi. Akaishika ile skrubu ya mbele, akaiviringisha mpaka ikagota. "Hivi. Ili asikimbie."

Nikafunga mshipi wake kwenye mizani, mizani kwenye mti wa mwembe, nikamwambia avute kwa fimbo. Mshale ulifika kilo 7, spuli haijasogea hata nywele, na fimbo yake ya paundi 12–20 ilishaanza kutoa sauti ya kukwaruza. Hapo akaelewa bila maelezo.

Fanya vivyo hivyo:

1. Funga mshipi kwenye ndoano ya mizani, mizani ifungwe imara.
2. Rudi nyuma hatua kumi, inua fimbo kama unapigana na samaki, pembe ya nyuzi 45.
3. Legeza breki kabisa, kisha kaza kidogo kidogo, kila mara ukivuta mpaka spuli izunguke.
4. Chukua kilicho dhaifu kati ya mshipi wako na kiwango cha juu cha fimbo. Robo ya kiasi hicho ndiyo breki yako.

Mshipi wa kilo 14, robo yake ni kilo 3.5. Lakini kama fimbo imeandikwa mwisho paundi 25, yaani kilo 11, basi breki ni kilo 2.8. Ukishindwa kuamini kwamba kilo 2.8 zinamchosha sangara, shika mwisho wa mshipi mwenyewe na ukimbie huku mwenzako akishika fimbo. Utachoka wewe.

Mzani ukisoma kilo zako na spuli ikizunguka kwa mlio usiokatika, weka alama ya kalamu kwenye skrubu ya breki. Hiyo ndiyo sehemu yake ya kazi.

## Hatua ya 8: Samaki akishika

Fimbo isipande kupita nyuzi 60. Ukiielekeza juu ya bega lako samaki akiwa chini miguuni, mzigo wote unahamia kwenye sentimita 30 za nchani, mahali pembamba kuliko pote. Mimi mwenyewe nilivunja fimbo ya kaboni hivyo, Luchelele, nikimnyanyua sangara wa kilo 3 juu ya jiwe. Shuka chini, ushike nailoni nene kwa mkono wenye glavu, au tumia wavu wa mkono.

Breki ikiwa inalia, acha kuzungusha mkono wa rili. Kila mzunguko unaoufanya wakati spuli inatoka unausokota mshipi. Ukishasokotwa, ukiwa mtumbwini ondoa chambo, uachie mita 50 nyuma huku mkipiga makasia taratibu. Maji yataunyoosha.

Usiingie majini kumfuata samaki. Kuna kichocho, kuna mamba, na sehemu nyingine viboko. Mawingu yakianza kunguruma upande wa Ukerewe, laza fimbo chini na uondoke. Kaboni inapitisha umeme, na ziwa letu ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Epuka pia kurusha chini ya nyaya za umeme.

Beba leseni ya uvuvi na futi kamba. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 wanarudi majini, ukiwashika kwa mikono iliyolowa.

## Matunzo

Kila unaporudi. Futa fimbo na rili kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu. Usizamishe rili kwenye ndoo wala kuipiga maji ya bomba kwa nguvu. Maji yanasukuma mchanga ndani kwenye grisi, na ndiyo asili ya ule mlio wa kinu. Usiilaze rili mchangani, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Legeza breki kabla ya kuhifadhi, ili vidude vyake vya ndani visibaki vimebanwa. Tenganisha vipande vya fimbo. Kata mita moja ya mwisho ya mshipi kama ina manyoya.

Kila baada ya safari kumi. Tone moja la oili kwenye kigurudumu kidogo ambacho mshipi unapita juu yake. Tone moja kwenye kishikio cha mkono. Moja, si matano. Kigurudumu hicho kikigoma, mshipi unachimba mfereji juu yake na mfereji unakula mshipi. Pitisha pamba kwenye pete. Sugua mshumaa kwenye maungio ya fimbo. Yanakaza vizuri na hayang'ang'anii.

Mara moja au mbili kwa mwaka. Fungua rili. Tandaza taulo jeupe, piga picha kila unapotoa kipande, na vipange kwa mstari kwa jinsi ulivyovitoa. Safisha meno kwa mswaki na mafuta ya taa kidogo, kausha, paka grisi nyembamba. Oili iende kwenye beringi, grisi kwenye meno. Vidude vya breki viache peke yake: oili ya kawaida ikivifikia, breki itashikashika na kuachia, na kazi yote ya mizani imepotea.

Mahali pa kuhifadhi. Isimame wima au ilale kwenye misumari miwili mitatu ukutani, kivulini. Ndani ya gari lililofungwa mchana epoksi inalainika na nailoni inazeeka. Nailoni ya mbele ibadilishe kila miezi michache hata kama inaonekana nzima.

## Ncha ikivunjika

Ikivunjika ndani ya sentimita 10 za mwisho, usitupe. Kata sawasawa kwa msasa, si kwa plaizi. Plaizi inapasua kaboni kwa urefu. Pima unene, nunua pete ya ncha inayoingia bila kulazimishwa. Ili kuitoa ya zamani, pasha moto chuma chake kwa kiberiti cha gesi kwa nukta chache, ukiulinda ufito, kisha ivute kwa plaizi. Bandika mpya kwa gundi ya fimbo inayoyeyuka kwa moto, na uilinganishe na pete nyingine kabla haijapoa.

Fimbo itakuwa ngumu kidogo kuliko zamani. Rudi kwenye mwembe, funga mizani, upime breki upya.